Spika gani kwa amplifaya ya valvu? Mwongozo kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Nilipopata amplifaya yangu ya valvu, zile taa za kioo za kizamani zinazofanya kazi ya transista, spika nilizinunua kwa macho. Zilikuwa ndefu zinanifika kifuani, mbao nyeusi inang'aa, na nyuma kibandiko kimeandikwa wati 200. Muuzaji akaniambia, "Bosi, hizi hazipasuki." Hakudanganya, hazikupasuka. Nilizibeba kwa bajaji mpaka Uyole, nikaunga waya, nikaweka zilipendwa. Sauti ikatoka kama mtu anayeongea huku amejifunika blanketi, na sisi wa Uyole mwezi wa Juni blanketi tunazijua. Nikaongeza sauti mpaka nusu, mpaka robo tatu. Besi ikaanza kukwaruza, waimbaji wote wakawa kama wana mafua.

Amplifaya ilikuwa na wati 5 tu. Spika zilikuwa nzima kabisa. Mimi ndiye niliyemfunga punda mmoja kwenye tela la semi nikamwambia apande mlima Kitonga.

Huu ndio utaratibu ninaoufuata siku hizi, na ndio ninaowapa wanaoniuliza. Usianze na spika. Anza na kile ulichonacho mezani.

Hatua ya 1: Soma valvu zenyewe

Zima amplifaya, chomoa ukutani, acha ipoe, halafu soma maandishi kwenye kioo cha zile valvu kubwa. Hizo kubwa ndizo zinazosukuma spika. Vile vidogo vinaandaa sauti tu. Ukikuta EL84 moja kila upande, una wati 4 au 5. EL84 mbili kila upande, moja inasukuma na nyingine inavuta, ni wati 10 mpaka 17 kutegemea aliyeitengeneza. EL34 mbili kwa mtindo huohuo zinafika 30 na kitu. 300B ikiwa peke yake, ile wanayoisifia watu wenye hela, ni wati 7 au 8.

Usione aibu kwa namba hizo. Quad II ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1953 na valvu zake mbili za KT66, ilikuwa na wati 15, na watu walisikilizia okestra nzima sebuleni. Tulioharibiwa na vibandiko vya PMPO, zile wati za kujisifia, kwenye sabufa, ambako kiredio cha mezani kinaandikwa wati 1000, lazima tujifunze kuhesabu upya.

Usifungue chini ya amplifaya kutafuta wati. Humo ndani kuna volti 300, 400, wakati mwingine zaidi, na kapasita zinashika umeme hata ukishachomoa waya. Hiyo kazi ni ya fundi anayezijua valvu, si kila fundi redio.

Na kama mashine imekuja na mitumba ya Japani, geuza usome nyuma kabla ya kuchomeka. Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Bila transfoma ya kushusha umeme utanusa harufu ambayo hutaisahau.

Hatua ya 2: Angalia matundu ya nyuma

Amplifaya ya valvu haiungwi moja kwa moja na spika. Katikati kuna transfoma ya kutolea sauti, ile nzito inayofanya mashine ikuume mgongo ukiinyanyua. Kazi yake ni kama gia: valvu ina volti nyingi na mkondo mdogo, spika inataka volti kidogo na mkondo mkubwa. Ndiyo maana nyuma unakuta matundu kadhaa yameandikwa 4, 8, pengine na 16. Hizo ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme, na kila tundu ni gia yake.

Spika ya omu 8 iweke kwenye 8, ya omu 4 iweke kwenye 4. Ukiweka spika ya omu 4 kwenye tundu la 8 unazibebesha valvu mzigo mara mbili: sauti inachafuka mapema na valvu zinachoka. Ukiweka ya omu 8 kwenye tundu la 4 unapoteza wati kiasi, lakini mara nyingi sauti inakuwa safi na besi inakaza. Nitaurudia mchezo huo chini, maana ni wa bure.

Sharti moja halina mjadala: usiwashe na kupiga muziki bila spika kuungwa. Amplifaya za kawaida za transista haziumii zikikosa spika. Ya valvu, volti zinaweza kurudi na kupanda ndani ya transfoma mpaka zitoboe insulesheni yake, na transfoma hiyo huipati sokoni Mwanjelwa.

Hatua ya 3: Tafuta unyeti, sahau wati za spika

Hapa ndipo nilipoangukia mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wati zilizoandikwa kwenye spika zinakuambia inavumilia kiasi gani kabla haijaungua. Hazikuambii italia kwa nguvu kiasi gani. Kinachokuambia hilo ni unyeti: ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, unapata desibeli ngapi. Kwenye karatasi zake inaandikwa mfano 86 dB, 90 dB, 96 dB. Tofauti inaonekana ndogo, lakini desibeli haziendi kama shilingi. Kila ukiongeza 3, ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Ukiongeza 10, ni mara kumi. Spika ya 95 ikipewa wati 5 inalia sawa na spika ya 85 iliyopewa wati 50.

Chukua zile ndefu zangu. Baadaye nilipata karatasi yake: 85. Wati 5 zinaongeza 7, inakuwa 92 kwa mita 1. Mimi nakaa kwenye kochi, mita 3. Kwa sebule ya kawaida na spika zote mbili zikipiga, toa kama 5. Imebaki 87, na hapo ndipo mwisho, hakuna pa kwenda tena. Lakini ngoma na tarumbeta huruka juu ya sauti ya wastani kwa desibeli 10 hata 15. Ukitaka mruko huo usikwaruze, wastani wako unabaki kwenye sabini na kitu, juu kidogo ya watu wanaozungumza. Sasa weka spika ya 95 mahali pake: mwisho unakuwa 97, na jirani atakuja kuuliza kuna sherehe gani.

Kwa wati chini ya 10, mimi sinunui spika iliyo chini ya 92. Kwa wati 15 mpaka 20, 89 au 90 inatosha sebule zetu. Ukiwa na 30 na kuendelea, uwanja ni mpana, hata 87 inakubali. Valvu nazo zina hisani yake: zikizidiwa hukosea kwa adabu, hazikati mawimbi ghafla kama transista, kwa hiyo mruko mmoja uliozidi pengine hutausikia.

Angalia mtego mmoja. Watengenezaji wengi hawapimi kwa wati 1, wanapima kwa volti 2.83. Kwenye omu 8 hiyo ni wati 1 kamili. Kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa 91 kwa volti 2.83, kwako wewe mwenye valvu ni 88. Toa 3, usione huruma.

Spika nyingi za mitumba hazina karatasi. Zitazame umbo. Koni (ile sehemu ya mbele inayotetemeka) kubwa ya karatasi nyepesi, inchi 10 au 12, ukingo wa kitambaa chenye mikunjo, sumaku nene, boksi kubwa: hiyo huwa nyeti. Wufa, yaani spika ya besi, ndogo yenye koni nzito na mpira mnene pembeni, ndani ya boksi dogo linalojisifia besi: hiyo inakula wati. Kuna kanuni inayoitwa kwa jina la Anton Hofmann, yule mwenye H katika jina la kampuni ya KLH ya Marekani. Inasema boksi dogo, besi ya chini na unyeti ni mafiga matatu, ila wewe unaruhusiwa kubeba mawili tu. Muuzaji akikuambia hii ina yote matatu, mpe pole.

Hatua ya 4: Spika ya omu 8 si omu 8

Namba iliyoandikwa nyuma ni ya kukisia. Impidansi ya spika, yaani zile omu zake muziki unapopita, inapanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa. Spika ya omu 8 inaweza kufika 30 au 40 kwenye besi, ikashuka hadi 6 kwa sauti za katikati, ikapanda tena juu.

Amplifaya ya transista haijali. Inashika koni kwa mkono wa chuma, kama dereva mwenye breki nzuri. Ya valvu mkono wake ni laini zaidi, hasa zile zisizo na mrejesho, yaani njia ya kurudisha ndani sehemu ya sauti inayotoka ili mashine ijisahihishe. Pale impidansi inapopanda, sauti nayo inapanda, inaposhuka, inashuka. Ndiyo maana spika ileile kwa jirani mwenye transista ina besi iliyonyooka, kwako ina besi ya uji: gitaa la besi linapiga noti moja, na ile noti haiishi.

Kwa hiyo tafuta spika ambayo mstari wa impidansi yake hauruki sana, na zaidi hauzami. Kanuni ya kimataifa inataka isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa, yaani 6.4 kwa spika ya omu 8. Ziko zinazovunja kanuni hiyo. Zenye wufa tatu nne na krosova (saketi inayogawa besi na sauti za juu) iliyojaa koili na kapasita huwa ndizo wakorofi. Zenye wufa moja, twita (kispika cha sauti za juu) moja na krosova nyepesi ni rafiki.

Mfano unaonifurahisha ni LS3/5A, kispika kidogo kilichobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya kurekodia. Unyeti wake ni 82 au 83 tu, kwa hesabu zangu za hapo juu ungekitupa. Lakini vile vya kwanza vilikuwa vya omu 15, mzigo mwepesi kwa valvu, na kwa mtu anayekaa karibu na kusikiliza sauti za watu, vinapendana sana na amplifaya ya wati 15 au 20. Hatua ya 3 ina nguvu, ila haina neno la mwisho.

Hatua ya 5: Nenda sokoni na mita, betri na tochi

Mabanda ya Sido pale Mwanjelwa, mafundi wa Makambako, mizigo inayopita Tunduma: spika zipo. Nenda asubuhi, maana ukaguzi unachukua muda na muuzaji mwenye wateja wengi hana subira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo mita ya nini, huniamini?"

"Wewe nakuamini mzee. Spika ndiyo siiamini."

Muuzaji alicheka, akaniachia. Weka mita kwenye omu, gusa terminali mbili za nyuma. Spika ya omu 8 itasoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 itasoma 3 na kitu, ya 16 itasoma 10 mpaka 13. Mita inapima waya wa koili iliyo nyuma ya koni tu, kwa hiyo namba ndogo kidogo kuliko iliyoandikwa ni ya kawaida. Isiposoma kitu, koili imekatika au krosova imeungua. Pima zote mbili; zikipishana sana, moja ilishafungwa upya.

Toa kitambaa cha mbele, mulika ukingo wa koni, bonyeza taratibu kwa kidole. Spika nyingi za miaka ya 1980 zilikuwa na ukingo wa sponji, na sponji hulika yenyewe hata kama spika ilikaa kabatini. Ikibaki alama ya kidole au ikimomonyoka kama keki iliyokauka, shusha bei au ondoka. Kwa huyo mzee nilibonyeza, kidole kikapita upande wa pili. Tukatazamana. Akasema, "Hiyo ni ya gundi tu." Ukingo mpya unaweza kubandikwa kweli, ila uhesabu gharama hiyo kabla ya kulipa.

Halafu weka vidole vya mikono yote miwili pande mbili za koni, isukume ndani sawasawa, iachie. Isikike kimya. Ukisikia mchakacho kama wa panya kwenye gunia la mahindi, koili inasugua sumaku.

Mwisho chukua betri ya volti 1.5, gusa kidogo: chanya kwenye nyekundu, hasi kwenye nyeusi. Koni ya wufa itoke mbele. Kama ya pili inaingia ndani, mtu aligeuza waya humo. Si ubovu, ila usiporekebisha besi itapotea yote na utailaumu amplifaya.

Ukiweza kupigisha pale dukani, unga spika unayoitaka upande mmoja na nyingine unayoijua upande wa pili, kitufe cha sauti usikiguse, pima kwa programu ya simu ya desibeli ukiwa umbali uleule. Simu haisemi kweli kamili, lakini tofauti kati ya mbili itakuonyesha. Ikizidi kwa 6, hiyo ni mara nne ya wati zako, bure.

Usidharau yale masanduku ya zamani ya mbao yenye redio na santuri, waliyokuwa nayo kina babu. Spika zake zilitengenezwa enzi ya valvu: koni nyepesi, nyeti. Nyingi ni za omu 3 mpaka 5, kwa hiyo zinakwenda kwenye tundu la 4. Ila likiwa zima, mwachie mzee sanduku lake.

Hatua ya 6: Boksi, kama spika imekuja uchi

Sisi wa huku tuna bahati moja: mbao. Ukipita Mafinga unaona mapaini na milingoti ya Sao Hill mpaka macho yanachoka. Chukua plaiwudi ya milimita 18, si chipubodi inayovimba ikiguswa na unyevu wa Tukuyu. Fremu za ndani zikaze kwa gundi na skrubu, kila upenyo uzibe. Kama huna vipimo vya mtengenezaji wa spika, tengeneza boksi lililofungwa kabisa badala ya lenye tundu la kupumulia. Tundu lililokosewa kipimo, pamoja na ule mkono laini wa valvu, linakuletea besi ya uji niliyoisema. Boksi lililofungwa linasamehe makosa.

Hatua ya 7: Unga, washa, badilisha tundu

Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa nyumba, unatosha kabisa. Usikubali kuuziwa waya wa bei ya baiskeli. Nyekundu ya spika iende kwenye tundu la omu zake, nyeusi kwenye tundu la 0. Hakikisha hakuna uzi wa shaba unaogusa jirani yake.

Spika ziwe zimeungwa, sauti iko chini, washa, subiri dakika mbili tatu. Mwanga wa chungwa katikati ya valvu ni wa kawaida. Lile bamba la chuma la kijivu ndani yake likianza kuwa jekundu kama mkaa, zima papo hapo, umwite fundi. Kioo kinaunguza, watoto wakae mbali, na paka pia, maana baridi ya Julai itamleta.

Sasa ule mchezo wa bure. Weka wimbo mmoja unaoujua kwa moyo. Mimi hutumia dansi la zamani lenye magitaa matatu, solo, rizimu na besi, kisha kwaya ya watu wengi. Usikilize kwenye tundu la 8. Punguza sauti, zima, hamisha waya kwenye tundu la 4, washa tena, usikilize. Kwenye dansi sikiliza kama gitaa la rizimu limetengana na solo. Kwenye kwaya sikiliza kama unaweza kumfuata mtu mmoja wa sauti ya tatu kutoka mwanzo wa ubeti mpaka mwisho. Tundu linalokupa hivyo ndilo lako, hata kama namba hazilingani, mradi spika isiwe na omu chache kuliko tundu.

Besi ikizidi, zivute spika kutoka ukutani, nusu mita inaleta mabadiliko. Ikipungua, zirudishe.

Zile ndefu zangu nilimuuzia rafiki wa mtaa wa Forest mwenye amplifaya ya transista ya wati 100. Kwake zinalia vizuri mno, na kila nikienda ananiuliza kwa nini niliziacha. Mimi nimebaki na maboksi mawili makubwa mabaya kwa sura, koni ya inchi 10, ukingo wa kitambaa. Wati 5 zinajaza sebule, isipokuwa miezi ile mvua ya Mbeya ikishuka juu ya bati. Hapo nazima, naweka chai, nasubiri ipite.